Somo: Namna ya Kujaribu Huduma Mpya ya Mtandaoni Kabla ya Kuitegemea

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mkazi wa kata kupanda basi hadi makao makuu ya wilaya sasa huanzia katika simu. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI unaosimamiwa na TAMISEMI. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu huhakiki cheti chake cha kuzaliwa katika mfumo wa RITA. Kazi serikalini huombwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na fundi au mzabuni anayetaka kuiuzia Serikali bidhaa na huduma hujisajili katika mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023.

Mabadiliko haya yameokoa nauli na siku za kazi. Hata hivyo, yameleta pia aina ya hasara ambayo wazee wetu hawakuijua. Mkazi hukosa mkopo wa masomo kwa sababu jina lililo kwenye cheti halilingani na lililo kwenye fomu, na aligundua hilo usiku wa mwisho. Mwingine hulipa ada kwa mtu asiyemjua, akidhani ameilipa Serikali. Mwingine tena ana akaunti halali, lakini hawezi kuifungua kwa kuwa neno la siri analo mtu mwingine.

Hasara hizo zina asili moja. Watu wengi hukutana na mfumo mpya kwa mara ya kwanza siku ileile wanapouhitaji sana. Siku hiyo hakuna muda wa kusoma, kuuliza wala kurekebisha. Somo hili linaeleza namna ya kuujaribu mfumo mapema, kidogo kidogo, na kwa mkono wa mwenyewe, ili siku ya shida iukute umekwisha kuzoeleka.

Maana ya kujaribu

Mkulima aliyepewa mbegu asiyoijua haitupi yote shambani. Huhesabu punje 100, huzitandaza katika kitambaa chenye unyevu, kisha husubiri siku kadhaa na kuhesabu zilizoota. Zikiota 90, hupanda kwa moyo mkunjufu. Zikiota 40, amepoteza kiganja cha mbegu, lakini ameokoa msimu.

Huduma mpya ya mtandaoni inastahili kutendewa vivyo hivyo. Jaribio jema lina sifa tatu. Kwanza, hufanywa wakati hakuna haraka. Pili, kinachoweza kupotea ndani yake ni kidogo: dakika chache za bando, au ada ndogo kuliko zote. Tatu, lina njia ya kurudi, yaani mkazi anaweza kuacha katikati bila kudhurika. Jaribio lisilo na sifa hizi ni kamari, hata kama huduma yenyewe ni ya kweli.

Ipo faida nyingine ya kujaribu mapema. Mfumo wa kompyuta hausamehi tofauti ndogo. Ofisa aliyeketi mezani anaweza kutambua kuwa "Mohamedi" na "Mohamed" ni mtu mmoja. Mfumo huona majina mawili. Tofauti ya namna hiyo ikigunduliwa miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho, hurekebishwa kwa utulivu. Ikigunduliwa saa tatu kabla, hugeuka msiba.

Hatua ya kwanza: kuutambua mlango wa kweli

Kabla ya kuandika jina au namba yoyote, mkazi ahakikishe kuwa amefika mahali alipokusudia. Anwani za tovuti za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Mwisho huo umetengwa kwa taasisi za umma tu. Mtu binafsi hawezi kuununua kama anavyonunua miisho mingine.

Jambo la kuangaliwa ni mahali maneno hayo yalipo. Sehemu yenye uzito katika anwani ni ile iliyo mwisho kabisa upande wa kulia, kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya jina. Anwani inayoishia na .com, .net au .info haiwi ya Serikali kwa sababu tu ndani yake yameandikwa maneno "leseni", "tamisemi" au "go-tz" yakiunganishwa kwa vistari. Matapeli hupenda kuyapanga maneno hayo mwanzoni mwa anwani, kwa kuwa msomaji mwenye haraka husoma mwanzo na kuacha mwisho.

Alama ya kufuli inayoonekana kando ya anwani nayo ieleweke vizuri. Kufuli humaanisha kwamba yanayosafiri kati ya simu na tovuti yamefichwa yasisomwe njiani. Halishuhudii uaminifu wa mwenye tovuti. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli, kama vile mwizi anavyoweza kuwa na mlango unaofungwa vizuri.

Njia salama ni kuiandika anwani mwenyewe, baada ya kuichukua kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata au kwa mtendaji, badala ya kubofya kiungo kilichotumwa katika kundi la WhatsApp. Kiungo kinaweza kuwa kimetumwa na jirani mwema ambaye yeye mwenyewe amedanganywa.

Mkazi asiye na simu janja hajaachwa nje. Zipo huduma za Serikali zinazopatikana kwa kupiga *152*00# katika simu ya kawaida, bila bando la intaneti. Menyu hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia jaribio, kwa kuwa kuisoma tu hakubadilishi chochote katika kumbukumbu za mtu.

Hatua ya pili: akaunti iwe ya mwenyewe

Mfano ufuatao unaonyesha tatizo linalowakuta wafanyabiashara wadogo wengi. Mama mwenye duka la rejareja anahitaji leseni. Hajui kutumia mfumo, hivyo anakwenda steshenari. Kijana wa pale anamsaidia kwa haraka na kwa heshima. Kwa kuwa mama hana barua pepe, kijana anaweka ya kwake. Kwa kuwa simu ya mama imeishiwa chaji, anaweka namba yake pia. Neno la siri analiandika yeye. Leseni inatoka, mama anaibandika ukutani, na kila mtu anaridhika.

Muda wa leseni unapokwisha, mama anarudi. Kijana amehamia mji mwingine, na laini yake haipatikani. Mfumo unapotaka kuthibitisha kuwa anayeingia ni mwenye akaunti, unatuma tarakimu za uthibitisho kwenye namba ya kijana. Mama ana duka, ana fedha ya ada, ana kitambulisho mkononi, lakini mbele ya mfumo yeye ni mgeni. Ukaguzi wa leseni ukipita wiki hiyo, maelezo yake yatakuwa ya kweli, lakini hayatakuwa na karatasi ya kuyathibitisha.

Katika mfano huo hakuna mwizi. Kijana hakukusudia ubaya, na msaada wake ulikuwa wa kweli. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba jina lililoandikwa kwenye akaunti ndilo linaloamua nani mwenyewe. Katika mifumo ya mtandaoni, anayepokea tarakimu za uthibitisho ndiye anayeshika ufunguo.

Kwa hiyo mkazi anaposaidiwa kufungua akaunti, azingatie mambo manne:

1. Namba ya simu iwe yake mwenyewe, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kwa kupiga *106# anaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho hicho, na akikuta asiyoijua aifikishe kwa kampuni ya simu husika. Laini ya kudumu ni bora, kwa kuwa laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine.

2. Barua pepe iwe yake. Kuifungua hakuna malipo. Ikiwa hana budi kutumia ya mwanawe au ya mjukuu, iwe ya mtu wa nyumbani ambaye atapatikana mwaka ujao.

3. Neno la siri aliandike kwa vidole vyake, hata kama itamchukua dakika tano. Msaidizi anaweza kumwonyesha herufi ilipo kisha akatazama pembeni.

4. Kabla ya kuondoka, atoke kabisa kwenye akaunti katika kompyuta ya steshenari, na ahakikishe kuwa nakala za kitambulisho na vyeti alivyoviskani zimefutwa.

Jambo la nne lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye namba. Anayeiona namba hiyo ameiona pia tarehe ya kuzaliwa. Na kwa kuwa watu wengi hupenda kufanya mwaka wao wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya akaunti ya fedha ya simu, nakala moja ya kitambulisho iliyosahauliwa mezani yaweza kumpa mtu mwenye nia mbaya nusu ya kazi yake. Mwenye namba ya siri ya aina hiyo aibadilishe leo.

Hatua ya tatu: kuanza na jambo lisilogharimu

Baada ya akaunti kufunguliwa, jaribio la kwanza liwe la kutazama tu. Mwombaji wa leseni aingie, asome orodha ya nyaraka zinazotakiwa, kisha atoke. Atagundua mapema kwamba anahitaji Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, na kwamba mkataba wa pango la fremu yake umekwisha muda. Kijana anayesaka kazi ajaze wasifu wake katika Ajira Portal kabla tangazo halijatoka. Hapo ataona kuwa cheti alichokipiga picha kwa simu hakisomeki, na atakuwa na muda wa kukiskani upya na kukihifadhi katika faili la PDF.

Mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha sita anayetarajia kuomba mkopo wa elimu ya juu aanze na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Akilinganishe herufi kwa herufi na majina yaliyo katika vyeti vya shule. Uhakiki wa RITA hutakiwa kabla ya maombi ya mkopo kukamilika, na dirisha la maombi likifunguliwa, mifumo hupokea watu wengi kwa wakati mmoja. Aliyekwisha kuhakiki hupita. Asiyehakiki hubaki kwenye foleni asiyoiona.

Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinachokusudia kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao hugawanywa kwa uwiano wa 4 kwa 4 kwa 2, kinaweza kufanya jaribio lake kikao kimoja kabla. Katibu asome masharti kwa sauti, kila mwanachama ataje namba yake ya kitambulisho aikague, na majina yalinganishwe na yale yaliyo katika katiba ya kikundi. Kosa la mwanachama mmoja linaweza kukwamisha ombi la kikundi kizima.

Hatua ya nne: malipo

Hapa ndipo jaribio linapoweza kuuma. Mwaka 2017 Serikali ilianza kutumia mfumo wa pamoja wa malipo ya kielektroniki ujulikanao kama GePG. Kwa utaratibu huo, kila malipo ya Serikali hutolewa namba yake, ambayo wengi huiita kontroli namba. Namba hiyo ina tarakimu 12, hutolewa na mfumo kwa ajili ya malipo yale tu, na hulipwa kupitia benki, wakala au simu katika sehemu ya malipo ya Serikali.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni rahisi isiyohitaji utaalamu: ada ya Serikali hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu. Ujumbe unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii" ni mbinu kongwe, na umekwisha kuvaa mavazi mapya. Siku hizi mtumaji hujiita ofisa wa leseni, wa ardhi au wa mikopo, na hudai kwamba mfumo umegoma hivyo malipo yapitie kwake. Mfumo ukigoma, malipo husubiri. Hakuna ofisa mwenye mamlaka ya kuigeuza simu yake kuwa hazina.

Mlipaji afanye mambo matatu kabla ya kuandika namba ya siri. Alinganishe tarakimu zote 12 na zile zilizo kwenye ankara. Asome jina la taasisi na kiasi kinachotajwa. Visipolingana na anachokusudia kulipa, asitishe. Kisha ajiulize ni nani aliyempa namba hiyo: ameiona ndani ya akaunti yake, au ameletewa na mtu njiani?

Tarakimu za uthibitisho zinazoletwa kwa ujumbe mfupi asipewe mtu yeyote, awe mtumishi wa kampuni ya simu, wa benki au wa halmashauri. Tarakimu hizo ni ufunguo wa dakika chache, na anayeziomba kwa simu anaomba kuingia ndani.

Hatua ya tano: kumbukumbu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo haujazeeka. Mkazi anayejaribu huduma mpya awe na daftari dogo la karatasi ambamo ataandika jina la mfumo, tarehe aliyojisajili, namba ya simu na barua pepe aliyotumia, namba ya ombi, kontroli namba, na tarehe ya mwisho wa leseni au kibali. Neno la siri lisiandikwe humo waziwazi.

Ujumbe wa malipo usifutwe. Apige picha ya skrini ya stakabadhi, na inapowezekana aichapishe. Simu huibwa, huanguka majini na huharibika. Karatasi iliyofungwa ndani ya sanduku huishi muda mrefu zaidi. Siku ombi likichelewa, mwenye namba ya ombi na tarehe huhudumiwa haraka kuliko anayesema "niliomba mwezi ule".

Hatua ya sita: kutoka na kuingia tena

Hatua hii ndiyo inayosahauliwa na wengi, nayo ndiyo kipimo halisi. Jaribio halijakamilika mpaka mkazi ametoka kwenye akaunti, amekaa siku kadhaa, kisha ameingia tena bila msaada wa yule aliyemfungulia. Akiweza, huduma ni yake. Asipoweza, bado yu mgeni katika nyumba yake, na ni heri alijue hilo sasa.

Inafaa pia kujaribu kwa makusudi sehemu ya "nimesahau neno la siri". Mkazi aibofye, aangalie tarakimu za uthibitisho zinakwenda wapi, na kama zinafika kwenye simu yake. Zikifika, ameuona mlango wa dharura na anajua unafunguka. Zisipofika, aende ofisini kurekebisha namba iliyosajiliwa wakati bado hakuna kinachomkimbiza.

Zana nyingine mpya

Kanuni hizi zinafaa pia kwa programu zisizo za Serikali. Programu za mikopo ya simu zinahitaji tahadhari ya pekee. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakitoa mikopo kidijitali bila leseni. Kabla ya kupakua programu ya namna hiyo, mkazi ahakikishe kuwa mtoaji ana leseni ya Benki Kuu, na asome ruhusa inazoomba. Programu ya mkopo inayotaka kusoma majina yote yaliyo katika simu inaomba dhamana isiyokuwa ya mkopaji: inaomba heshima yake mbele ya ndugu, mchungaji, shehe na mwajiri, ambao watapigiwa simu siku atakapochelewa kulipa.

Zana za akili unde zinazojibu maswali na kuandika barua nazo zimeingia vijijini. Zinaweza kumsaidia mkazi kupanga barua ya maombi au kuelewa neno gumu. Hata hivyo, huweza kutaja ada, sheria au tarehe isiyokuwapo kwa sauti ya uhakika. Jaribio lake ni kuiuliza kwanza jambo ambalo mkazi analijua vizuri, kama vile zao analolilima kila mwaka, na kupima majibu. Baada ya hapo, ada na masharti yathibitishwe ofisini, na namba ya kitambulisho au ya siri isiandikwe humo kabisa.

Kusaidiana bila kunyang'anyana ufunguo

Si kila mkazi ataweza kujaribu peke yake. Wapo wazee ambao macho yamepungua nguvu, watu wasioona, na wasiojua kusoma. Msaada kwao ni wajibu, lakini uwe msaada unaomwachia mtu mamlaka yake. Kijana anayemsaidia bibi amsomee kila kinachoonekana kabla ya kubofya, amweleze kinachofuata, na amwombe ruhusa. Namba inayowekwa iwe ya bibi, au ya mtu aliyechaguliwa na bibi mwenyewe.

Wenye steshenari nao wana nafasi kubwa. Anayemkabidhi mteja karatasi yenye namba ya ombi, namba ya simu iliyosajiliwa na tarehe ya kuhuisha, na kufuta nakala mbele ya macho yake, hujijengea jina ambalo tangazo haliwezi kulinunua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imempa kila mtu haki juu ya taarifa zake, ikiwamo haki ya kujua zinavyotumika na kuomba zirekebishwe.

Mambo yakiharibika

Fedha ikiisha kutumwa mahali pasipofaa, dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Mkazi apigie mara moja huduma kwa wateja ya kampuni yake ya simu au benki na kueleza muamala. Asifute ujumbe wowote. Atume neno UTAPELI kwenda 15040 na kufuata maelekezo ili namba ya tapeli ifikishwe kwa wahusika. Kisha aripoti kituo cha polisi, kwa kuwa udanganyifu wa namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Malalamiko kuhusu huduma ya taasisi ya umma yanaweza kupelekwa kupitia mfumo wa e-Mrejesho au kwa ofisi ya mtendaji. Aibu isimzuie mtu kusema. Anayenyamaza humwachia tapeli nafasi ya kumfuata jirani.

Zoezi la wiki moja

Siku ya kwanza, mkazi achague huduma moja tu atakayoihitaji mwaka huu, na apate anwani yake sahihi kutoka ofisi ya kata. Siku ya pili, apige *106# na akague laini zake. Siku ya tatu, afungue akaunti kwa namba yake. Siku ya nne, asome masharti na kuorodhesha nyaraka zinazopungua. Siku ya tano, alinganishe majina katika vyeti vyake. Siku ya sita, apumzike bila kuigusa akaunti. Siku ya saba, aingie tena peke yake, kisha ajaribu njia ya neno la siri lililosahauliwa.

Maswali ya kujipima

1. Anwani ina maneno "go-tz" mwanzoni na inaishia na .com. Je, ni ya Serikali? Jibu: Hapana, anwani ya Serikali huishia na.go.tz.

2. Mtu anayejitambulisha kuwa ofisa anasema mfumo umegoma, na anataka ada itumwe kwenye simu yake. Mkazi afanye nini? Jibu: Asitume. Asubiri kontroli namba ndani ya akaunti yake, na aifikishe namba ya mtu huyo 15040.

3. Leseni imetoka vizuri, lakini namba iliyosajiliwa ni ya msaidizi. Je, kazi imekwisha? Jibu: Bado. Namba ibadilishwe kuwa ya mwenye leseni sasa, kabla tarehe ya kuhuisha haijafika.

4. Ni lini jaribio huhesabiwa kuwa limekamilika? Jibu: Mwenye akaunti anapoweza kuingia tena peke yake, siku kadhaa baadaye, akiwa na daftari lake mkononi.